Gari dogo jipya kabla halijafika Mtwara: hamu ya mnunuzi hujengwaje, na huvunjwa na nini

Mtu wa Masasi mwenye fedha ya gari mwezi Novemba hasumbuki kuchagua. Magari madogo ya Toyota yaliyotumika anayafahamu: IST anaijua, Vitz anaijua, Passo anaijua, na dalali wa Dar es Salaam anayemtafutia gari safi anapatikana kwa simu moja. Fundi wake ameshafungua injini hizo mara nyingi kiasi cha kutambua ubovu kwa kusikiliza tu. Akitaka kuuza baada ya miaka mitatu, mnunuzi hatakosekana. Gari dogo jipya kutoka kiwandani, tena lenye jina ambalo hajalizoea, linaingia kwenye soko hili na sifa mbili tu ambazo hazina ubishi: halijatumiwa na mtu, na lina waranti. Mengine yote ni maswali. Kazi inayofanywa miezi kadhaa kabla ya uzinduzi ni kuyajibu maswali hayo, moja baada ya jingine, kabla fedha ya mnunuzi haijapata pa kwenda.

Wanaosimamia kazi hii mara nyingi hupima hamu kwa kelele: watu wangapi wameipenda picha, wangapi wameuliza "bei gani?" chini yake. Kipimo hicho kinadanganya. Aliyeona picha yuko mbali na aliyeuliza bei, aliyeuliza bei yuko mbali na aliyekuja kuliendesha gari, na hao wote wako mbali na aliyeweka fedha. Kila kundi liandikwe kwenye daftari lake. Ukichanganya walioona na walioweka fedha, utaagiza magari kwa kuwahesabu watazamaji, na gari linaloagizwa hivyo hukaa yadi likila jua na upepo wa chumvi.

Kalenda inaanzia kwenye korosho

Dar es Salaam unaweza kuzindua gari mwezi wowote. Mtwara na Lindi fedha ina majira. Minada ya korosho chini ya vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao huanza Oktoba, na malipo ya wakulima hupitia benki kwa awamu, wengine wakilipwa mapema na wengine wakisubiri. Novemba hadi Januari ndipo mzunguko unapokuwa mkubwa, si kwa wakulima peke yao: wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wasafirishaji, wenye nyumba za wageni, wote huvuna msimu huo. Upande wa Lindi kuna msimu mdogo wa ufuta katikati ya mwaka. Kinyume chake, miezi ya kupulizia mikorosho fedha iko shambani, na mtu anayesema "nitachukua" mwezi Julai anasema kweli lakini mkononi hana kitu.

Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho na kurudi nyuma. Magari yawe Mtwara mwanzoni mwa Novemba, tayari yamesajiliwa. Kutoka Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilometa 560. Kabla ya hapo kuna kutoa gari bandarini na usajili, ambavyo ni vyema kuviwekea wiki mbili hadi tatu, na meli kutoka Japani huchukua wiki nne hadi sita hivi. Maana yake agizo kwa kiwanda linatakiwa liwe limethibitishwa mwezi Agosti, na kabla ya hapo uwe umeshajua rangi gani, gia gani, na wangapi wako tayari kulipa.

Kuna sababu nyingine ya kuutazama mwezi Julai kwa makini. Mabadiliko ya kodi yanayosomwa kwenye bajeti ya Juni huanza kutumika Julai mosi. Anayetangaza bei Mei anatangaza bei ambayo serikali inaweza kuibadilisha kabla gari halijapanda meli. Mpangilio unaokaa vizuri ni huu: Mei na Juni onyesha gari bila bei na sema wazi kwamba bei itatajwa Julai, Julai itaje, Agosti lipeleke Nane Nane kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi, ambako wakulima na watumishi wa mikoa yote miwili hukutana kwa siku kadhaa, Agosti hiyohiyo, kabla agizo halijathibitishwa, pokea amana, Novemba kabidhi.

Jambo la kuogopa hapa ni kuanza mapema mno. Mtu akiambiwa Januari kwamba gari linakuja "hivi karibuni", akasikia hivyo hivyo Aprili, tena Agosti, hatalisubiri. Fedha itakwenda kwenye bati na saruji, au kwenye bodaboda mbili za kukodisha. Miezi mitano hadi sita inatosha, ikiwa kila mwezi una habari mpya ya kusema.

Bei iwe moja, na iwe ya mwisho

Swali la kwanza ni bei, na kosa la kawaida ni kujibu kwa neno "kuanzia". Mnunuzi hukariri namba ile ya chini. Siku akija akakuta gari lenye kiyoyozi na redio liko milioni nne juu, anaona ametapeliwa, hata kama maandishi madogo yalisema kweli. Taja bei ya gari likiwa Mtwara, na kibao cha namba, kodi zote, bima na mafuta ya kufikia nyumbani. Itaje kwa shilingi: kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni.

Lakini bei peke yake inatisha, kwa hiyo ieleze. Tuchukue mfano wa gari jipya ambalo likifika bandarini, pamoja na nauli ya meli na bima, limegharimu shilingi milioni 20, injini yake haizidi sisi 1000 (cc, kipimo cha ukubwa wa injini). Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 5, jumla milioni 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni sifuri. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 ni milioni 4.5. Unafika milioni 29.5, kabla ya tozo nyingine ndogo na usajili. Gari hilohilo likiwa na injini ya sisi 1200 linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na VAT inapanda juu yake: milioni 30.975. Karibu milioni moja na nusu imeondoka kwa sababu ya sisi 200, jambo la kufikiria kabla ya kuchagua injini ya kuagiza.

Sasa liweke pembeni gari lililotumika, lenye zaidi ya miaka 10, sisi 1300, ambalo tuseme thamani yake bandarini ni milioni 8. Forodha milioni 2, jumla 10. Hapo linabeba ushuru wa bidhaa asilimia 5 na ule wa uchakavu asilimia 30, yaani milioni 3.5. VAT inaongeza milioni 2.43. Limefika milioni 15.93, karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Kabla ya kodi gari jipya lilikuwa ghali mara mbili na nusu. Baada ya kodi pengo limepungua hadi mara 1.85. Wauzaji wachache humwonyesha mteja hesabu hii, na inasikitisha, kwa sababu mteja wa Mtwara ni mtu wa mizani na makato, na hesabu iliyo wazi anaiheshimu.

Thamani ya shilingi nayo hubadilika kati ya kuagiza na kupokea. Asiyetaka kupandisha bei dakika ya mwisho aweke akiba ndani ya bei tangu mwanzo, kisha aandike tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Kupunguza laki tatu Novemba kunaleta furaha. Kuongeza laki tatu kunafuta kazi ya miezi sita.

Kwa watumishi wa umma kuna ukuta mwingine: makato yote hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mkopo wa milioni 21 kwa miezi 60, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, una rejesho la karibu shilingi 511,000 kwa mwezi. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa milioni 1.2 na mkopo mwingine unaomkata 350,000 anafikia 861,000, wakati theluthi mbili yake ni 800,000, na hapo bado kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii havijaguswa. Huyu ataipenda gari, atalijaribu, ataandika jina, na benki itamkataa. Ni heshima kwake kukaa naye na kalkuleta mwezi Agosti kuliko kumwacha aaibike Novemba. Huenda akahitaji kumaliza mkopo mdogo kwanza, au kununua pamoja na mwenzi wake.

Fundi ndiye hakimu

Kabla ya kununua, mtu humpigia fundi wake. Fundi akisema "hilo spea zake hakuna", biashara imekwisha, na hakuna bango wala tangazo la redio litakalomrudisha. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kujenga hamu iende gereji kabla ya kwenda kwenye matangazo.

Chagua mafundi sita hadi kumi wanaoaminika Mtwara mjini, Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea. Waite wiki moja, walipwe posho, wafungue gari lenyewe: watoe gurudumu, waone shokapu na bushi, watafute filta ilipo, wasome hitilafu kwa mashine ya kupimia. Kuna mambo manne ambayo yasipofundishwa yataharibu sifa ya gari ndani ya mwaka wa kwanza.

La kwanza ni oili ya injini. Injini ndogo za siku hizi nyingi zimetengenezwa kwa oili nyepesi kama 0W-20 au 5W-30. Mazoea ya gereji nyingi ni oili nzito ya 20W-50. Ikimiminwa humo, injini inakuwa nzito, inakula mafuta zaidi, na kwenye injini zenye mfumo wa kurekebisha valvu kwa presha ya oili, mfumo huo unachelewa kufanya kazi. Mwenye gari hatasema oili ilikosewa; atasema gari lenyewe ni bovu.

La pili ni gia boksi ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda, kama gari inayo. Ina oili yake. Fundi akiweka ATF, yaani oili ya gia boksi za kawaida za otomatiki, mkanda wa ndani huanza kuteleza na gia boksi hufa, na bei ya gia boksi ni fedha ya pikipiki au zaidi. Kila gari libandikwe stika ndani ya boneti: oili ya injini aina gani na lita ngapi, oili ya gia aina gani.

La tatu ni maji ya rejeta. Pwani hii visima vingi vina chumvi. Maji ya kisima kwenye rejeta huleta kutu na utando unaoziba njia, na injini ndogo ya alumini haivumilii joto kama injini za chuma za zamani. Coolanti tu, na fundi aelezwe sababu, maana mtu akijua sababu hufuata.

La nne ni umeme: kufunga redio kubwa na taa za ziada kwa kukata waya kunaweza kuondoa waranti. Hili liandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi ya waranti na lisomwe kwa sauti mbele ya mnunuzi.

Kisha spea. Watu huagiza injini na gia boksi za akiba, wakati kinachovunjika mwaka wa kwanza ni vitu vidogo. Saiti mira hugongwa na bajaji. Bampa ya mbele na taa huondoka kwenye ajali za mjini za mwendo mdogo. Kioo cha mbele hupigwa na jiwe la lori. Mashimo na rafu za barabara hula stabilaiza linki, bushi, shokapu na beringi za magurudumu. Mchanga na vumbi huziba filta ya hewa kabla ya muda ulioandikwa kwenye kitabu. Kwa magari 50 ya kwanza, kianzio kinachoeleweka ni saiti mira jozi nane, taa za mbele jozi nne, bampa za mbele nne, vioo vya mbele vitatu, linki jozi 20, shokapu za mbele jozi sita, brekipedi seti 25, na filta za oili na hewa 100 kwa kila aina, yaani huduma mbili kwa kila gari. Viwe Mtwara, siyo "vinaagizwa Dar". Andika bei za spea 20 kwenye karatasi moja, igawe gereji, ibandike yadi. Karatasi hiyo inajenga hamu kuliko video yoyote ya gari likikata kona ufukweni.

Waranti ina mtego wake. Ikiwa huduma inayotambulika inafanyika Dar es Salaam peke yake, mtu wa Newala atasafiri zaidi ya kilometa 1,100 kwenda na kurudi ili kubadilisha oili. Na barabara yenyewe si ya kuitegemea kila wakati: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na Kusini ikabaki bila njia yake kuu kwa siku kadhaa. Kabla ya kuchukua amana hata moja, muuzaji awe na gereji iliyoidhinishwa Mtwara kwa maandishi ya mtengenezaji, na fundi wa gari la huduma atakayezunguka Masasi, Lindi na Nachingwea kwa ratiba inayojulikana.

Kulijaribu, na kupima kwa ukweli

Mwaka 2009, kabla ya kuleta gari lake dogo la Fiesta Marekani, Ford iliwapa madereva 100 magari hayo kwa miezi sita, waendeshe na waeleze hadharani wanachokiona. Kilichofanya kazi hapo ni muda: mtu aliyekaa na gari miezi anasema mambo ambayo aliyezunguka uwanja mara moja hawezi kuyajua. Huku Kusini hayahitajiki magari 100. Mawili au matatu yanatosha, yakikaa wiki mbili mbili kwa watu tofauti ambao wengine huwauliza: muuguzi wa hospitali ya Ligula, karani wa chama cha msingi Tandahimba, mfanyabiashara wa samaki anayetoka Mikindani alfajiri. Wasiandikiwe cha kusema. Wakilalamika kwamba kiti cha nyuma kimebana, acha malalamiko yasikike, kwa sababu sifa isiyo na kasoro hakuna anayeiamini.

Gari la majaribio liwe lile la bei ya chini utakaloliuza kwa wingi. Kuwapandisha watu kwenye toleo la juu lenye rimu za alumini na skrini kubwa, kisha kuwakabidhi lenye vikombe vya plastiki kwenye magurudumu, ni njia ya haraka ya kupoteza foleni nzima.

Njia ya majaribio iwe na mambo matatu. Lami ya mwendo, Mtwara hadi Lindi. Mlima, yaani kupanda Uwanda wa Makonde kuelekea Newala, watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa. Hapo injini ya sisi 1000 itaonyesha uwezo wake, na ni afadhali mnunuzi auone akiwa na wewe. Na mchanga wa njia za mashambani, ambako tairi nyembamba na uvutaji wa magurudumu ya mbele huweza kujichimbia. Nafasi kati ya chini ya gari na ardhi pimeni likiwa limebeba, watu wanne na mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kwenye buti. Namba ya kitabu ni ya gari tupu.

Mafuta yapimwe mbele ya mashahidi. Jaza hadi pampu ikate, andika kilometa, nenda Lindi urudi, jaza tena pampu ileile hadi ikate. Ukitembea kilometa 210 na kuongeza lita 12, ni kilometa 17.5 kwa lita. Kwa lita ya shilingi 3,000, kila kilometa ni shilingi 171. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutolewa kila mwezi, na kwa kuwa mafuta hushushwa pia bandari ya Mtwara, mikoa hii ina bei zake, kwa hiyo tumia ya hapa, ya mwezi huo. Kutangaza namba ya maabara kama ahadi ya barabarani ni hatari kibiashara, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hairuhusu kumpotosha mlaji.

Amana: ndogo, inayorudi, yenye risiti

Kampuni ya Tata walipoitangaza Nano, gari lao dogo, nchini India Januari 2008, kwa ahadi ya bei ya rupia laki moja, hamu ilikuwa kubwa sana. Dirisha la kuagiza lilipofunguliwa Aprili 2009, maagizo zaidi ya 206,000 yalipokelewa. Lakini mgogoro wa ardhi huko Singur, walikokuwa wakijenga kiwanda, ulikuwa umeshawalazimisha kuhamisha kiwanda kwenda Sanand, ambacho kilifunguliwa Juni 2010, na wanunuzi 100,000 wa kwanza walipatikana kwa bahati nasibu. Zikafuata habari za magari kadhaa kushika moto. Ratan Tata mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni, alikuja kusema kwamba kulinadi kama gari la bei rahisi kuliko yote kulikuwa kosa. Hapa kuna mambo mawili ya kutazama: foleni ilitangulia uwezo wa kukabidhi, na jina la "rahisi" liliwafanya watu waone aibu ya kulimiliki. Mtwara, ambako gari la kwanza la familia huegeshwa mbele ya nyumba ili lionekane, jambo la pili lina uzito kuliko wauzaji wanavyodhani. Liite gari jipya. Usiliite gari la mnyonge.

Amana iwe kiasi kinachomfanya mtu afikiri bila kumuumiza. Kwa gari la milioni 30, shilingi 200,000 hadi 300,000 inatosha. Ikae akaunti ya peke yake isiyotumika kulipa mishahara wala kodi ya yadi. Hati iandikwe kwa Kiswahili ukurasa mmoja: namba ya foleni, rangi na gia, bei na tarehe yake ya mwisho, mwezi wa kukabidhiwa, na kwamba fedha inarudi yote ndani ya siku saba mtu akibadili nia. Wa kwanza kuomba arudishiwe arudishiwe siku hiyohiyo. Habari itafika Mnazi Mmoja ya Lindi kabla ya jioni, na walioogopa wataanza kuja.

Majina na namba za simu zikikusanywa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika: mtu aelezwe zinakusanywa kwa kazi gani, akubali, na zisihamie kwa dalali wala kampuni ya mikopo.

Katikati ya Oktoba piga simu foleni nzima, mtu kwa mtu, kwa sauti na si kwa ujumbe. Uliza mambo matatu: fedha iko tayari, inatoka wapi, na itakamilika lini. Anayesubiri mnada wa tatu asukumwe Desemba na nafasi yake apewe wa nyuma kwa ridhaa yake. Ambaye benki imemkatalia arudishiwe amana bila kuombwa. Na meli ikichelewa, watu waambiwe siku hiyohiyo taarifa inapofika, wakipewa tarehe mpya yenye wiki moja ya ziada ndani yake, pamoja na haki ya kuchukua fedha yao palepale.